Mstari wa Salamu

Yule Mjerumani aliyeutengeneza mkono wa Mutahi alifikiria kila kitu isipokuwa mstari wa salamu wa Jumapili. Alifikiria kijiko, kikombe, mpini wa jembe, kifungo cha shati, hata mlango wa gari ambalo Mutahi hakuwa nalo. Akapiga hesabu zake huko kwao, akaona kwamba betri moja ingemtosha mtu kutwa nzima. Simlaumu. Mtu ambaye hajawahi kusali Kianyaga angejuaje kwamba kuna mahali mtu mmoja hupeana mkono na watu mia moja na sitini kabla ya chakula cha mchana?

Ndivyo ilivyo kwetu. Ibada ikiisha, mchungaji hutoka kwanza na kusimama nje ya mlango. Mzee wa kanisa humfuata, humpa mkono, kisha husimama kando yake. Anayekuja nyuma huwapa mkono wote wawili, naye huwa wa tatu. Huenda hivyo benchi kwa benchi mpaka mstari unalizunguka kanisa na kufika kwenye tangi la maji, na kila mtu amemshika kila mtu. Huwezi kumruka mtu. Ukimruka mmoja, kufikia jioni kijiji kizima kitakuwa kinajua mna nini. Na mkono unaotolewa ni wa kulia. Wa kushoto ni tusi, hata ukiutoa ukitabasamu.

Mutahi hakuwa amesimama katika mstari ule kwa miaka miwili na nusu. Tangu mashine ya kumenya kahawa imnyang'anye mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, alikuwa akitokea mlango mdogo wa nyuma, ule wa chumba cha wazee. Watu walimwonea huruma wakasema anaona haya kutoa mkono wa kushoto. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Kwenye mstari ule kulikuwa na mtu mmoja ambaye Mutahi hakutaka kumshika kwa mkono wowote, na jina lake lilikuwa Wamae.

Wamae naye alikuwa na desturi yake. Alikaa benchi la mwisho na kutoka wimbo wa mwisho ulipoanza. Kwa njia hiyo watu wawili waliokuwa wamekua pamoja, wakapashwa tohara mwaka mmoja, wakaajiriwa siku moja katika kiwanda cha kahawa kule mtoni, walifaulu kusali chini ya paa moja bila kukutana macho tangu Novemba ya 1976.

Mwaka ule kahawa ilikuwa imepanda bei mpaka watu wakawa wanachuma hata zilizokuwa bado na kijani, na kiwanda kilifanya kazi usiku na mchana. Mutahi alisimamia mashine ya kumenya. Wamae alisimamia injini ya dizeli, ambayo ilikuwa katika chumba chake nyuma ya ukuta. Hawakuweza kuonana, na wakulima waliopanga foleni na magunia walikuwa na kelele nyingi, kwa hiyo sauti ya mtu haikuaminiwa. Lililoaminiwa ni bomba la maji lililopita ukutani. Mutahi akiligonga mara moja, Wamae alizima. Akiligonga mara mbili, aliwasha. Walifanya hivyo kwa miaka sita na hawakuwahi kukosana.

Siku ile jiwe liliingia katika mashine. Mutahi aligonga mara moja, injini ikazimwa, akasafisha, akaona pako sawa, akagonga mara mbili. Hapo ndipo macho yake yalipoliona jiwe lenyewe, bado limekaa kule ndani, dogo tu kama yai la njiwa. Foleni ilikuwa ndefu na mvua ilikuwa inakuja. Akarudisha mkono.

Wazee wa kamati ya kiwanda walipomfuata hospitali, walimwuliza kama aligonga. Mutahi alikuwa fundi mwenye jina. Alikuwa yule anayewafundisha wengine wasifanye upumbavu kama huo. Alikuwa amelala pale, bandeji zimeishia mahali ambapo mkono ulipaswa kuendelea, na neno lililomtoka lilikuwa jepesi kuliko yote aliyowahi kusema. Alisema hakugonga. Wamae, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, alisema alisikia mara mbili. Wakamwuliza ana hakika? Wamae akamtazama Mutahi kwa muda mrefu, kisha akasema labda alisikia vibaya. Akaachishwa kazi wiki ile ile, na tangu hapo alikuwa akipalilia mashamba ya watu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mutahi ilikuwa imefika miaka miwili na nusu na bado ilikuwa inakwenda, na kila hatua ilimchosha.

Mkono wenyewe ulitoka kwa daktari mmoja wa hospitali ya misheni upande wa Nyeri, aliyeupata kwa marafiki zake Ulaya. Ulikuwa mmoja tu, na aliyepewa kazi ya kumfundisha Mutahi kuutumia aliitwa Sista Khavere. Hakuwa sista. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa Kimaragoli mwenye mabega mapana, lakini pale kila mwanamke mwenye nguo nyeupe aliitwa sista na alikuwa amechoka kuwasahihisha watu. Alimfunga Mutahi nyaya mbili kwenye kigutu, moja upande wa chini na moja upande wa juu, akazielekeza kwenye mita yenye mshale.

"Hii mkono haisikii maneno," alimwambia. "Inasikia nyama. Ukikaza nyama ya hapa chini, inafunga. Ukikaza ya hapa juu, inafungua. Wewe fikiria tu ile mkono yako ya zamani."

"Lakini hiyo haiko, Sista."

"Kwako iko. Ama haikuumi?"

Ilimwuma kweli, kila siku. Mkono usiokuwapo ulikuwa umekunja ngumi, kucha zimezama kiganjani, na hapakuwa na mtu wa kuukunjua. Alipofikiria kufunga, mshale uliruka mpaka mwisho. Alipofikiria kufungua, mshale ulilala. Wiki nzima ukalala.

"Kwani ulikuwa umeshika nini?" Sista Khavere akauliza siku ya tano.

"Jiwe."

"Basi iwache."

"Haitoki."

Sista Khavere alimtazama, akaona kwamba hapo pana mlango ambao si wa mita yake. Hakuubisha.

"Nyumbani mko na kuku?"

"Wako."

"Basi warushie mahindi."

Mutahi alifumba macho, akawaona kuku wa Kagure, mkewe, wanakuja mbio uwanjani, akafikiria kuwarushia. Mshale ukaamka. Tangu siku hiyo akajifunza kufungua kwa kufikiria kuku. Lile jiwe hakuliacha. Alilizunguka tu.

Halafu yakaja mayai. Alipewa yai alishike bila kulivunja, na alivunja kumi na moja. "Pole pole, Baba Wachuka," Sista Khavere alikuwa akimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Yai haijakukosea kitu." La kumi na mbili likabaki zima, na wote wawili wakacheka kama watoto.

Siku ya kumruhusu aende, alimwonya jambo moja. "Ukiona imeanza kuvuta pole pole, badilisha betri. Ikiisha kama imefunga, itakaa hivyo hivyo. Msiilazimishe. Mkivunja meno ya gia hapo ndani, hakuna duka ya hiyo kitu Kenya mzima."

Mutahi alikuwa na betri mbili, kila moja saizi ya kiberiti. Nyumbani kwake hapakuwa na stima, lakini kiwandani ilikuwa imefika mwaka uliopita. Kwa hiyo moja ilikaa mkononi na nyingine ilichajiwa ofisini kwa Mzee Hezekiah, karani wa kiwanda.

Jumamosi majirani walifika kuona. Kila mmoja alitaka kusalimiwa. Mkono ulikuja na ngozi ya mpira ya rangi ya Mzungu, na Kagure alikuwa ameipaka rangi ya viatu ya kahawia mpaka ikakaribia ya mwenyewe. Jioni majirani walirudi kwao na viganja vya kahawia na furaha tele. Jumapili asubuhi Mutahi alijua inafaa ateremke mtoni kubadilisha betri. Lakini njia ilikuwa na tope la Juni, naye alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya kanisani. Akasema itatosha. Kila mtu ana siku yake ya kuharibiwa na viatu.

Ibada ilipoisha, Mutahi alitoka kwa mlango mkubwa, mbele ya macho ya wote, akampa mchungaji mkono wa kulia. Mota ikalia kidogo, mfano wa nyuki ndani ya debe, na vidole vikaufunga mkono wa mchungaji taratibu. Fikiria kuku. Vidole vikafunguka. Akaenda kwa mzee wa kwanza, wa pili, wa tatu, akachukua nafasi yake, na kanisa zima likaanza kupita mbele yake. Mabibi wazee waliushika mkono ule kwa mikono yao miwili. Mmoja akasema, "Ati ni baridi hivi? Basi Kagure akununulie glavu." Mutahi alicheka mpaka machozi yakamlenga. Hakuwa amejua alivyokuwa na njaa ya kushikwa mkono na watu.

Hakujua pia kwamba siku ile Wamae alikuwa na mtoto wa kubatizwa. Yaani alimwona pale mbele na mkewe Watiri na mtoto mchanga mwenye kofia nyeupe, lakini furaha ilimzuia kufikiri hatua ya pili. Mwenye mtoto wa kubatizwa haondoki wimbo wa mwisho ukianza. Hubaki kutia sahihi kwenye kitabu, kisha hutoka nyuma ya wote, kupitia mlango mkubwa, na mstari mzima unamngoja.

Alipomwona, Wamae alikuwa amebakiza watu kama kumi kumfikia. Mota wakati huo ilikuwa imeanza kuvuta polepole, na Mutahi alikuwa ameliona hilo tangu mtu wa mia, lakini angesema nini, kwamba amechoka kusalimia? Watu tisa. Angeweza kujifanya anakohoa, angeweza kwenda chooni. Watu watano. Wamae alikuwa amevaa koti lililopauka mabegani kwa jua la mashamba ya watu. Mutahi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Wamae akafika. Alisita kwa muda wa pumzi moja, akautazama mstari, akaitazama ile mikono yote iliyokuwa mbele yake bado, kisha akatoa mkono wake wa kulia. Mutahi akatoa wake. Nyama zote za kigutu zilikaza bila kuambiwa. Vidole vikafunga, vikaendelea kufunga, mota ikaguna mara moja, halafu kukawa kimya.

Kuku hawakusaidia. Mutahi aliwarushia mahindi gunia zima.

"Niwachilie," Wamae alisema kwa sauti ya chini.

"Siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

"Ni betri. Imeisha."

Mstari ukakwama. Watiri na mtoto wake wakasimama nyuma ya Wamae, na watu wakaanza kuvunja mstari na kuja kutazama. Mmoja alisema uletwe mpini wa jembe wabanue. Mutahi akawaambia maneno ya Sista Khavere kuhusu meno ya gia. Mwingine akasema, basi avue huo mkono, Wamae aende nao. Lilikuwa wazo zuri, ila kuuvua kulitaka avue koti, avue shati, afungue mikanda ya begani, abaki na kigutu wazi mbele ya kanisa. Kigutu kile kilikuwa kimeonwa na Kagure na watu wa hospitali tu. Jasho lilimtoka Mutahi kwenye paji la uso, na baridi yote ile.

Wamae aliliona lile jasho. "Hapana," akasema, si kwa Mutahi, kwa watu. "Havui kitu hapa. Betri ingine iko wapi?"

"Kiwanda," akajibu Mutahi.

Kila mtu alijua kwamba Wamae hakuwa amekanyaga kiwandani tangu siku alipoondolewa. Mzee Hezekiah, ambaye alikuwa ametoka kusimama kwenye mstari na sasa amesimama kando, akatoa kifunguo mfukoni.

"Iko kwa meza yangu, kwa chaji," akasema. "Sisi wa kamati tuko na mkutano hapa kwa chumba ya wazee, tukishakunywa chai. Mnirudishie kifunguo hapo."

Wazee wa kamati ya kiwanda na wazee wa kanisa walikuwa watu walewale. Walibadilisha vitabu tu. Mtu mmoja akajitolea kukimbia kuileta betri, lakini Wamae alikuwa amekwisha kupokea kifunguo; hakutaka kusimama pale akitazamwa.

Kagure alivua leso yake mabegani akaifunika ile mikono miwili ili watoto wasiifuate. Wakaanza safari.

Jaribu siku moja kutembea na mtu huku mmeshikana mkono wa kulia kwa wa kulia. Mmoja lazima apitishe mkono mbele ya kifua chake mwenyewe, na mwingine aende upande kama kaa. Njia ya kuteremka mtoni ilipita katikati ya miti ya kahawa, nyembamba, na manyunyu yalikuwa yameilainisha. Viatu vya Mutahi vya kanisani vilizama kwenye tope mpaka kwenye kamba. Aliteleza, Wamae akamshikilia. Wamae akateleza, wakashikiliana tena. Mlima ule juu ya kijiji ulikuwa umejifungia ndani ya mawingu na hapakuwa na kitu cha kutazama ila miguu yao.

"Mtoto mmemwita nani?" Mutahi aliuliza mwishowe.

"Nderitu. Ni ya baba."

Mzee Nderitu ndiye aliyewafundisha wote wawili kupogoa miti ya kahawa, walipokuwa wadogo wasioweza kufika matawi ya juu.

Kiwanda kilikuwa kitupu. Si msimu, na ilikuwa Jumapili. Walifungua ofisi, wakaipata betri juu ya meza, na Mutahi akaichukua kwa mkono wa kushoto. Kilichobaki ni kuitia mahali pake, kufungua vidole, na kila mtu aende kwake. Dakika mbili hazingepita. Akatazama nje ya mlango na kumwona Wamae, urefu wa mikono yao miwili kutoka kwake, ameelekeza macho kule kwenye mashine.

"Waliondoa injini," alisema Wamae.

"Sasa ni mota ya stima."

"Na bomba waliwacha?"

"Waliwacha."

Wakasogea. Mashine ilikuwa imefunikwa gunia. Bomba lilikuwa pale pale, na palikuwa na alama ya mikwaruzo mahali Mutahi alipozoea kuligonga. Mutahi aliitia betri mfukoni. Aliinama, Wamae akainama naye kwa kuwa hakuwa na hiari, akaokota jiwe chini kwa mkono wake wa kushoto. Lilikuwa dogo. Akasimama mbele ya bomba na kwa muda hakuweza kuinua mkono. Hakuwa ameogopa hivyo hata siku waliyomwambia hospitalini kwamba wanakata kilichobaki cha mkono.

Akagonga. Mara moja. Kisha mara ya pili.

Sauti ilikwenda na bomba ukutani, ikafika chumba cha injini, ikaisha. Wamae alikuwa amefumba macho.

"Ni hivyo nilisikia," alisema.

"Ndio."

"Mbili."

"Zilikuwa mbili. Halafu nikaona jiwe nikarudisha mkono. Ni mimi, Wamae. Wewe hukukosea kitu."

"Najua."

Mutahi akamgeukia. "Ulijua?"

"Mutahi, mimi niko na masikio. Miaka sita nasikia hiyo bomba, nitakosa kujua mbili?" Wamae hakuwa amepandisha sauti. "Walinisimamisha pale kwa kitanda yako. Nikakuona na ile bandeji. Ukasema hukugonga. Nikasema moyoni, huyu mtu amepoteza mkono, mimi nikimpokonya hiyo maneno pia atabaki na nini? Wacha iwe hivyo sasa. Akipona atakuja aseme."

"Sikukuja."

"Hukukuja. Mwaka ya kwanza nilikungoja na nilikuwa nakupenda. Ya pili nilikungoja na nilikuwa nimekasirika. Hii ya tatu nilikuwa nimewacha kungoja."

Mutahi alilia. Alilia vibaya, kama mtu asiyezoea, na mkono wa kushoto uliokuwa na vumbi la jiwe ukampaka uso mzima. Hakutafuta maneno ya kujitetea, maana alikuwa ameyatafuta kwa miaka miwili na nusu na hakuwa amepata hata moja lililosimama. Wamae alimwacha alie. Hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

"Weka betri," alisema baadaye. "Mkono yangu imekufa ganzi."

Kifuniko cha betri kilikuwa upande wa ndani wa mkono, na kukifungua kulitaka vidole vya mikono miwili. Mutahi alikuwa na mkono mmoja wa kushoto, na Wamae, aliyeshikwa wa kulia, alikuwa na mmoja wa kushoto pia. Wakasaidiana hivyo, mmoja akibonyeza na mwingine akivuta, wakiangusha ile betri mara mbili. Mwishowe ikaingia, na mota ikalia kidogo kuonyesha kwamba imeamka.

"Haya, fungua."

Mutahi hakufungua.

"Kwani imeharibika?"

"Haijaharibika. Lakini wacha kwanza." Alivuta pumzi. "Nikikuwachilia hapa, mimi najijua. Nitaenda nyumbani na njia ya juu. Nitajiambia nitasema Jumapili ingine, na hiyo Jumapili haitafika. Nipeleke hivi hivi mpaka kwa wazee."

Wamae alimkazia macho. Halafu akaguna, na mguno ule ulikuwa na kicheko kidogo ndani yake, cha kwanza siku ile. "Kwa hivyo ni mimi nikupeleke."

"Ni wewe. Ukiniona nikitaka kusimama, vuta."

Alitaka kusimama mara tatu kabla ya kufika juu. Wamae alivuta mara zote tatu.

Katika chumba cha wazee, wanakamati saba walikuwa wamemaliza chai na mkate, na Mzee Hezekiah alikuwa amefungua kitabu chake cha mikutano. Kagure alikuwa mlangoni na birika, anakusanya vikombe. Wote waliwatazama watu wawili waliojaa tope, wameshikana chini ya leso.

"Bado imekwama?" akauliza Hezekiah.

"Hapana, Mzee. Iko na betri." Mutahi alipiga hatua moja mbele, na Wamae naye. "Nimekuja nikiwa nimefunga mkono, kwa sababu niko na neno. Mwaka ile ya ajali mliniuliza kama niligonga bomba. Niligonga. Niligonga mara mbili, vile inatakiwa, halafu nikarudisha mkono mimi mwenyewe. Wamae aliwasha kwa sababu nilimwambia awashe. Mlimfukuza bure, na mimi nikawacha mumfukuze."

Mzee mmoja aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa. Kagure alikuwa ameinama na birika, hakuinuka. Huko nje mtoto wa Wamae alikuwa analia na Watiri anambembeleza.

"Unajua unasema nini?" Hezekiah aliuliza.

"Najua. Andika."

Hezekiah alimtazama Wamae, kana kwamba anamwomba ruhusa, kisha akachukua kalamu akaandika. Aliandika polepole kwa mwandiko wake mzuri, na walisubiri mpaka akafika mwisho. Akasema kamati itaitwa rasmi Alhamisi, na kwamba Wamae aje, na kwamba yeye binafsi ana mengi ya kujibu maana ndiye aliyeandika yale ya kwanza. Mutahi alisikia nusu tu. Alikuwa ameteremsha macho kwenye leso.

Kagure alikuja akaiondoa. Hakumtazama mumewe. Hilo lilikuwa na siku yake.

Mutahi akafikiria kufungua. Safari hii hakuwaita kuku. Aliufikiria mkono wake wa zamani, ngumi ile iliyokuwa inamwuma kila siku ya Mungu, na ndani yake lile jiwe dogo kama yai la njiwa. Akaliacha. Mota ililia na vidole vikafunguka taratibu mpaka mwisho, vikabaki wazi.

Kiganja cha Wamae kilikuwa cha kahawia kwa rangi ya viatu, na alama nne nyekundu zilikuwa zimebaki mgongoni mwa mkono. Alikunja vidole vyake, akavikunjua, akavihesabu kwa macho. Vilikuwa vyote. Mutahi alisubiri aondoke, na angemwelewa.

Wamae hakuondoka. Aliunyoosha tena ule mkono wa kulia.

"Sasa nisalimie," alisema. "Ile ingine haikuwa salamu."

Mutahi aliupokea, akaufunga polepole sana, kama anayeshika yai.